Ari ya biashara haitoki ukumbini

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w), Mola Mlezi wa viumbe vyote, Mwenye kumruzuku amtakaye. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahali zake, maswahaba zake na kila mwenye kufuata uongofu mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. 

Nakaa Kiseke, katika Manispaa ya Ilemela hapa Mwanza. Anayeijua Kiseke anajua kuwa ni mtaa unaokua haraka. Ukishika barabara ya kutoka Sabasaba kwenda Buswelu, kushoto fremu, kulia fremu. Hii saluni, ile vipuri vya pikipiki, inayofuata wakala wa fedha za simu, na nje kibarazani mama anakaanga sangara. Ukipita tena baada ya miezi sita mabango yamebadilika. Saluni imekuwa duka la vinywaji, duka la vipuri limepigwa kufuli, na mwenye nyumba ameandika kwa chaki mlangoni kwamba fremu inapangishwa.

Nina mazoea ya kuwauliza ndugu zetu wanaofunga ni kitu gani kiliwasibu. Majibu hayazidi matatu. Wa kwanza anasema mtaji ulikuwa mdogo. Wa pili anashusha sauti na kusema kuna mtu alikuwa akimfanyia chuma ulete. Wa tatu husema tu, "Shekhe, nilichoka. Moyo ulikufa." Huyu wa tatu ndiye aliyenisukuma kuandika makala haya, kwa sababu ninavyoona mimi, wale wawili wa mwanzo nao walichoka kabla mtaji haujaisha na kabla huyo wanayemtuhumu hajapita dukani kwao. Moyo ndio uliotangulia kufilisika.

Basi swali letu leo ni hili: Mwislamu anayejenga biashara, moyo wake aulishe nini ili usife njiani?

Msisimko si ari

Siku hizi kuna watu wanaofanya kazi ya kuhamasisha. Wanakodi ukumbi, wanatoza kiingilio, wanasimama mbele na kipaza sauti na kuwaambia vijana kuwa wakiamini watakuwa matajiri. Sisemi kuwa kila wasemalo ni baya. Lakini nimewaona vijana wetu wakitoka huko Jumamosi wakiwa na moto, na Jumatano hawafungui duka mpaka saa nne. Moto wa mabua, huwaka sana na kuzimika mara moja.

Sababu yake iko wazi. Maneno ya ukumbini ni ya aina moja kwa watu wote, wakati biashara ina hatua, na kila hatua ina ugonjwa wake. Anayeogopa kuanza hawezi kutibiwa kwa dawa ya aliyepata hasara. Aliyepata hasara hatibiwi kwa dawa ya yule ambaye mali imemlewesha. Ukimpa kila mgonjwa kidonge kimoja, wengine utawaua.

Wapo pia ndugu zetu wa upande wa pili, ambao wakisikia shekhe anazungumzia mtaji na faida husema hayo ni mambo ya dunia. Hawa tunawakumbusha kuwa katika Surat al-Jumua (62:10) Allah (s.w) ameamrisha kwamba Swala ikishamalizika watu watawanyike katika ardhi na kutafuta katika fadhila Zake, huku wakimkumbuka kwa wingi. Na katika Surat al-Muzzammil (73:20), alipowapunguzia waja uzito wa kisimamo cha usiku, aliwataja pamoja wagonjwa, wanaosafiri kutafuta fadhila za Allah na wanaopigana katika njia Yake. Mtafutaji wa riziki ya halali katajwa safu moja na mpiganaji. Je, huyo anafanya mambo ya dunia tu?

Mtu wa shoka

Abu Daud amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (r.a) kisa cha mtu mmoja katika Answari aliyemwendea Mtume (s.a.w) kuomba. Tukitazame kisa hiki vizuri, kwani ndani yake mna somo zima la biashara.

Mtume (s.a.w) hakumpa hotuba. Alimuuliza nyumbani kwake kuna nini. Akajibu kuna nguo nzito, nusu wanajifunika na nusu wanaitandika, na kuna bakuli la kunywea maji. Akaagizwa avilete. Mtume (s.a.w) akavinadi mbele ya maswahaba. Mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume (s.a.w) akauliza nani ataongeza, mwingine akatoa mbili. Akampa yule Answari dirhamu zake mbili na maelekezo: moja anunue chakula cha familia, nyingine anunue shoka alilete. Mtume (s.a.w) akatia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia aende akakate kuni na kuuza, na asimwone kwa siku kumi na tano. Yule mtu alirudi akiwa amepata dirhamu kumi, akanunua nguo na chakula.

Ndugu msomaji, hesabu mambo yaliyomo humo. Kwanza, mtaji ulitoka ndani ya nyumba ya muhitaji mwenyewe. Pili, fedha ya kula ilitengwa na fedha ya kazi tangu siku ya kwanza. Tatu, alipewa chombo cha kazi. Nne, alipewa muda maalumu, na muda ulipokwisha akarudi na hesabu. Hakuambiwa ajiamini. Aliwekwa katika utaratibu ambao, akiufuata, moyo utajikuta umesimama wenyewe.

Kwa mwanga huo tuziangalie hatua moja moja.

Hatua ya kwanza: Kuanza

Ugonjwa wa hatua hii ni kusubiri. Kijana wa Kiseke atakwambia akipata milioni tano ataanza. Anataka fremu yenye vioo, kabati, bango lenye taa, na mwenye fremu anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa hiyo anakaa kijiweni miaka mitatu akisubiri milioni tano zitoke kusikojulikana.

Abdurrahman bin Auf (r.a) aliingia Madina akiwa ameacha mali yake yote Makka. Mtume (s.a.w) akamuunga udugu na Saad bin Rabii (r.a), tajiri wa Kianswari, ambaye alijitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka nduguye, kisha akaomba jambo moja tu, aonyeshwe soko liko wapi. Akaenda soko la Bani Qaynuqaa, na jioni akarudi na jibini kavu na samli. Haukupita muda mrefu akaoa kwa mahari ya dhahabu uzito wa kokwa ya tende.

Ona aliloomba. Hakuomba mtaji, aliomba kulijua soko. Kwa lugha ya mtaani kwetu, kabla ya kutafuta milioni tano, nenda Mwaloni Kirumba alfajiri ukajue dagaa wanauzwaje, nani anawapeleka Kongo na Rwanda, ndoo ni shilingi ngapi siku za mbalamwezi ambapo dagaa huadimika, na ni ngapi siku za giza ambapo huwa wengi. Elimu hiyo haina kiingilio. Anayeijua anaweza kuanza na ndoo mbili kibarazani kwao. Asiyeijua hata ukimpa fremu ya vioo ataifunga.

Hapa ndipo nia inapowekwa. Hadithi ya nia tunaikariri sote tangu madrasa, lakini dukani tunaisahau. Ukianza biashara kwa kuwa jirani kaanza, jirani akifunga na wewe utafunga. Ukianza kwa nia ya kulisha familia yako kwa halali, kuizuia shingo yako isiombe na kupata cha kutoa katika njia ya Allah, basi hata siku ambayo hujauza kitu una ibada iliyoandikwa. Biashara iliyojengwa juu ya nia hiyo haina siku ya bure.

Hatua ya pili: Miezi ya ukame

Biashara imefunguliwa. Wiki ya kwanza ndugu na marafiki wamekuja kuunga mkono. Mwezi wa tatu hakuna anayekuja. Hii ndiyo hatua inayoua fremu nyingi za mtaa wetu, na hapa ndipo tunapokutana na habari ya chuma ulete.

Mimi sikanushi kuwa husda ipo. Qur'an imetufundisha kujilinda kwa Allah na shari ya hasidi, na tunazo Falaq na Nasi, nyiradi za asubuhi na jioni, na Bismillahi wakati wa kufungua mlango. Lakini kabla ya kumtuhumu jirani, tufungue daftari kwanza. Tuchukulie ndugu yetu ameanza genge kwa mtaji wa shilingi 600,000. Faida yake kwa siku ni 10,000. Kila jioni anachukua droo 15,000 za mboga, nauli ya watoto na vocha. Kila siku inayopita analila genge lake kwa shilingi 5,000. Gawa 600,000 kwa 5,000 utapata siku 120. Miezi minne tu mtaji wote umekwisha, na hakuna mchawi aliyeingia. Aliyekuwa akiingia ni mwenye genge mwenyewe, kwa mkono wake wa kulia.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Surat al-Baqara aya ya 282, inazungumzia kuandika. Ndani yake waumini wanakatazwa wasione uchovu kuandika deni, liwe dogo au kubwa. Sisi tunaona haya kumwandika shoga au jirani aliyechukua unga wa mali kauli, kisha tunakosana naye mwaka mzima kwa jambo ambalo kalamu ya shilingi mia chache ingelimaliza.

Linalonitia uchungu ni kwamba mtu huyu ambaye hana daftari anakwenda kwa mganga. Anapeleka kuku, anapeleka fedha, anarudi na hirizi ya kufukia mlangoni. Ameshapoteza mtaji, sasa anapoteza na tauhidi. Hasara ya mtaji inafidika. Je, mtu akifa na shirki atafidia na nini?

Dawa ya moyo katika hatua hii ni udumifu mdogo. Bi Aisha (r.a) amepokea kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Fungua saa ileile kila siku. Jilipe kiasi kilekile, tena chini ya faida. Kila Alhamisi usiku hesabu bidhaa zako. Mteja akijua kuwa ukisema saa kumi na mbili asubuhi chapati zipo, basi zipo, atapita maduka matatu akufuate wewe. Na wewe ukiona daftari limeongezeka shilingi 3,000, moyo utapata chakula ambacho ukumbi mzima wa wahamasishaji hauwezi kukupa.

Hatua ya tatu: Pigo

Inakuja siku ambayo biashara inapigwa, na ulikuwa hujakosea. Watu wa Mwanza hatuhitaji kufundishwa hili. Kati ya mwaka 1997 na 1999 soko la Ulaya lilifungwa zaidi ya mara moja kwa samaki wa Ziwa Victoria. Safari moja sababu ilikuwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 sababu ilikuwa wavuvi waliokuwa wakivua kwa sumu. Waliotia sumu walikuwa baadhi tu, lakini mlango ulifungwa kwa wote, mwenye kiwanda, mvuvi, mbeba samaki na mama aliyekuwa akiwapikia. Na katika miaka ya karibuni, mwaka 2021, wamachinga waliondolewa katikati ya miji yetu, na ndugu zetu waliokuwa wakiuza Makoroboi wakalazimika kuanza upya mahali ambapo wateja walikuwa hawajapazoea.

Allah (s.w) ametuambia waziwazi katika Surat al-Baqara (2:155) kwamba atatujaribu kwa hofu, njaa na upungufu wa mali, nafsi na matunda, na bishara njema ni ya wenye kusubiri. Kwa hiyo pigo si dalili ya kwamba Mola wako amekuchukia. Na Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a) maelekezo ya Mtume (s.a.w) kwa mtu aliyefikwa: afanye pupa juu ya lile linalomnufaisha, amtake msaada Allah, asikate tamaa wala asikae akisema lau ningefanya hivi ingekuwa vile, kwani neno hilo hufungua mlango wa shetani.

Angalieni basi waliosimama tena baada ya lile pigo la samaki. Hawakukaa kulaumiana. Nchi zetu ziliimarisha ukaguzi na usafi, na soko likafunguliwa. Subira ya Kiislamu ndiyo hiyo, kulia kidogo, kuswali rakaa mbili, kisha kutafuta tundu lilipo na kuliziba.

Lakini katika hatua hii shetani ana mtego mkubwa, nao ni mkopo wa kausha damu. Jina hilo sikulitunga mimi, wamelitunga wakopaji wenyewe, na aliyelitunga alijua anachosema. Mtu kapata pigo, anahitaji fedha leo, na kuna mtu mtaani anatoa leo bila maswali mengi. Tuchukulie anapewa 100,000 na kurejesha 130,000 ndani ya mwezi. Genge gani la Kiseke lina faida ya asilimia 30 kwa mwezi baada ya kula? Hakuna. Kwa hiyo mwezi wa pili anakopa kwingine kulipa huku. Mwezi wa tatu wanakuja kuchukua jiko la gesi, godoro na televisheni, watoto wakiangalia. Nimeshuhudia mama mmoja mtu mzima, mwenye kuheshimika darsani, akiacha kuja msikitini kwa sababu anaowadaiwa wanasubiri njiani.

Allah (s.w) katika Surat al-Baqara (2:275-279) hakuishia kuiharamisha riba, ametangaza vita Yake na ya Mtume Wake dhidi ya asiyeiacha. Anayejenga biashara juu ya riba anajenga katikati ya uwanja wa vita.

Msomaji atauliza, sasa tufanye nini? Swali ni la haki, na shekhe anayeharamisha bila kuonyesha njia hajamaliza kazi yake. Njia zipo. Benki inayoendeshwa kwa misingi ya Kiislamu ipo nchini tangu mwaka 2011 ilipoanza Amana Bank, na baadhi ya benki nyingine zimefungua madirisha ya aina hiyo. Sheria ya fedha za serikali za mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Masharti yake ni kuwa na kikundi kilichosajiliwa. Akina mama wangapi wa darsa zetu wamejiunda kikundi? Tunaweza kukusanyika mia kwa Maulidi au kwa walima, tukashindwa kukusanyika wachache kwenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata?

Na kuna njia iliyo karibu kuliko zote. Aya ya 280 ya sura hiyohiyo inaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora zaidi. Wewe uliye na duka la jumla, una ndugu yako aliyechukua mali kauli akapata msiba. Kumpa mwezi mmoja wa ziada ni sadaka ambayo haikutoi hata senti mfukoni, na huenda ndiyo itakayomwokoa na kausha damu.

Hatua ya nne: Kukua

Wengi wanadhani mtu akishafika hapa hana haja ya nasaha tena. Kwa hakika hii ndiyo hatua ya hatari zaidi, kwa sababu ugonjwa wake hauumi.

Ishara ya kwanza ya ugonjwa huu iko kwenye mizani. Alipokuwa na ndoo mbili alikuwa akijaza sado mpaka inamwagika. Sasa ana stoo, na sado yake imebonyea chini. Mkulima akileta viazi anataka lumbesa, yeye akiuza anapima kwa gramu. Hawa ndio waliotajwa mwanzo wa Surat al-Mutaffifiin, wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapunguzia wengine.

Na sisi wa Kanda ya Ziwa tuna ushahidi wa historia juu ya jambo hili. Baada ya vita ya pili ya dunia wakulima wa pamba wa huku walilalamika kuwa wanapunjwa kwenye mizani za wanunuzi. Wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Kutoka hapo wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya Paul Bomani, ambaye alianzia katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa hapa Mwanza. Wakulima waliopunjwa mizani wakajenga moja ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, na wale waliowapunja wakapoteza biashara ya pamba. Punje unazomwibia mteja leo ndizo zinazomfundisha kutafuta pa kwenda kesho.

Ishara ya pili ni Swala. Biashara ilipokuwa ndogo alikuwa safu ya kwanza. Sasa adhana ya Ijumaa inamkuta anapokea mzigo, anasema amesamehewa kwa kuwa ana majukumu. Jabir bin Abdillah (r.a) amepokea kwamba msafara wa biashara uliingia Madina siku ya Ijumaa wakati Mtume (s.a.w) yuko kwenye hotuba, watu wakautokea, wakabaki kumi na wawili tu. Ikateremka aya ya mwisho ya Surat al-Jumua kuwakumbusha kwamba kilichoko kwa Allah ni bora kuliko pumbao na biashara. Ikiwa masahaba walionywa, mimi na wewe na mzigo wetu wa sabuni ni akina nani?

Ishara ya tatu ni Zaka. Wapo wafanyabiashara wanaotoa noti za elfu moja kwa maskini kila Ijumaa na kudhani wametoa Zaka. Hiyo ni sadaka, Allah aipokee, lakini Zaka ina hesabu. Mwaka wa Kiislamu ukitimia, thamini bidhaa zote za kuuza kwa bei ya siku hiyo, ongeza fedha zilizopo na madeni unayotarajia kulipwa, toa madeni unayodaiwa ambayo muda wake umefika. Mfano: bidhaa 38,000,000, fedha 5,000,000, unadai 2,000,000, unadaiwa 5,000,000. Kinachobaki ni 40,000,000. Ikiwa kimefikia nisabu, asilimia mbili na nusu yake ni shilingi 1,000,000. Kabati na mizani ya kazi havihesabiwi. Kuhusu nisabu, ambayo wanachuoni wengi wa zama hizi wanaikadiria kuwa gramu 85 za dhahabu au 595 za fedha, muulize shekhe wa msikiti wako. Milioni moja hiyo inaweza kununua mashoka mangapi kwa Answari wa mtaa wako?

Mfano wa mtu aliyekua na moyo wake ukabaki hai ni yuleyule Abdurrahman bin Auf. Bukhari amepokea kuwa siku moja alikuwa amefunga, akaletewa chakula cha kufuturu. Akamkumbuka Mus'ab bin Umayr (r.a), aliyeuawa Uhud akakosa sanda ya kumtosha, wakifunika kichwa miguu inabaki wazi, na wakifunika miguu kichwa kinabaki wazi. Akalia, akihofia isije ikawa mema yao yametangulizwa hapa duniani, mpaka akakiacha chakula. Huyu ndiye aliyeanza na jibini na samli. Mali ilikua na kumbukumbu ikakua nayo.

Na tusidhani kwamba habari za kuanza kidogo ni za zama za maswahaba tu. Said Salim Bakhresa, mtoto wa Zanzibar ambaye hakuendelea na shule, alianza na biashara ndogo ya chakula, akawa na mgahawa Dar es Salaam katika miaka ya 1970, akaingia kwenye usagaji wa nafaka, na leo unga, mikate, boti na televisheni za Azam vinajulikana na kila mtu Afrika Mashariki. Simtaji ili kijana aseme naye atakuwa bilionea, hilo ni la Allah kupanga. Namtaja ili aone kuwa kati ya mgahawa na kiwanda palikuwa na hatua, na hazirukwi.

Hitimisho

Ndugu zangu katika imani, ari ya Mwislamu katika biashara inalishwa na vitu vinne kwa hatua nne. Anayeanza ailishe kwa nia na elimu ya soko. Aliye katika ukame ailishe kwa daftari na udumifu. Aliyepigwa ailishe kwa subira na halali, akikimbia riba kama anavyokimbia moto. Aliyekua ailishe kwa mizani, Swala na Zaka. Anayekosa kimojawapo, hata akihudhuria kumbi zote za mjini, atarudi na moto wa mabua.

Na misikiti yetu nayo ina wajibu. Mtume (s.a.w) alinadi bidhaa ya maskini mbele ya maswahaba na kutia mpini kwa mkono wake. Kila msikiti wa Kiseke, Nyasaka, Pasiansi na kwingineko uwe na watu watatu waaminifu wanaojua hesabu, ambao kijana anaweza kuwaendea na daftari lake baada ya Isha na kuulizwa kama alivyoulizwa yule Answari: nyumbani una nini? Kisha apewe siku kumi na tano, na siku ya kumi na sita awepo mtu wa kumsubiri.

Tunamuomba Allah (s.w) aturuzuku riziki ya halali yenye baraka, atukinge na deni linalotudhalilisha na mali inayotusahaulisha, na awafungulie milango waliofunga fremu zao kwa kukata tamaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.